Wewe FSX, Beste X-Plane: Vile Mnaweza Kuruka Pamoja Mtandaoni Kutoka Moi International

Kama umelelewa Magongo, Chaani ama Port Reitz, ndege sio kitu ya kuinua shingo. Zinapita juu ya paa, watoto wanapunga mkono, mathe anaendelea kuanika nguo. Lakini kuna vijana wa hapa 001 wenye ile sauti haikuwahi kuwaisha kichwani. Wengi hawana doh ya shule ya urubani, kwa hivyo wanaruka kwa leptopu, usiku, kejani, na hedifoni masikioni.

Shida huanza mkitaka kuruka wengi. Tuseme mko mabeste watatu. Wa Likoni ana leptopu ya mtumba, yenye inabeba tu Flight Simulator X ya 2006, ile watu huita FSX. Wa Kisauni amejenga kompyuta mos mos, leo RAM, mwezi ujao kadi ya grafiki, na sasa anaendesha Microsoft Flight Simulator ya kisasa, MSFS kwa kifupi. Wewe wa Changamwe uko na X-Plane. Mnataka kutoka Moi International saa mbili usiku na mshuke JKIA mkifuatana. Gemu tatu tofauti. Itawezekana?

Itawezekana, na hakuna mtu anahitaji kununua gemu ingine. Soma hii mpaka mwisho, alafu uitume kwa grupu yenu ya WhatsApp.

Ndege haisafiri, namba ndio husafiri

Watu wengi hufikiria mkicheza pamoja, ndege yako inatoka kwa kompyuta yako na kuingia kwa ya mwenzako. Hapana. Chenye kinatoka kwako ni namba tu: uko wapi duniani, uko futi ngapi juu, pua imeangalia wapi, bawa limelala kiasi gani, unaenda kasi gani. Ongeza jina lako la redioni na aina ya ndege, imeandikwa kwa herufi chache za kimataifa. B738 ni Boeing 737-800. E190 ni Embraer 190, kama zile za Kenya Airways. DH8D ni ile ya mapanga, Dash 8-400, yenye Jambojet hurusha.

Kompyuta ya beste yako ikipokea hizo namba, inatafuta ndani ya diski yake mwenyewe ndege inafanana na hiyo, inaichora mahali ulisema uko. Wa Likoni anaona ndege ya 2006. Wa Kisauni anaona ndege inang'aa mpaka madirisha. Nyote mnaangalia ndege moja, kila mtu kwa macho ya mashine yake.

Ndio maana mashine mzee haifungiwi nje. Latitudo na longitudo ni zile zile kwa gemu zote. Chenye hukosekana ni mkalimani, programu ndogo ya kutoa namba kwa gemu yako na kuziweka kwa lugha gemu ya mwenzako inaelewa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Jeshi la Marekani lilijenga mtandao wa SIMNET miaka ya 1980, simuleta za vifaru na ndege za sehemu tofauti zikakutana kwa uwanja mmoja wa vita usiokuwepo. Kila mashine ilituma hali yake, na zingine zikakisia iko wapi kabla habari mpya ifike. Gemu yako bado inatumia ujanja huo huo wa kukisia.

Na kukisia sio kitu ndogo. Ndege ikienda noti 450, inamaliza karibu mita 230 kila sekunde. Kama habari yake inafika kila baada ya sekunde 5, katikati imeshapita zaidi ya kilomita moja bila mtu kuiona. Kwa hivyo kompyuta yako inachora kwa kubahatisha: alikuwa hapa, alikuwa anaelekea kule, lazima sasa yuko pale. Akikata kona ghafla, utaona ndege yake ikiruka kando kama mtu amekanyaga kaa la moto.

Njia zenyewe

Sasa tuingie kwa wakalimani. Hizi ndizo rada kubwa.

*VATSIM.* Ilianza 2001 na ni ya bure. Huu sio mtandao wa mabeste peke yenu. Ni dunia nzima, na kuna watu wamejitolea kukaa mnarani na kuongoza ndege kwa sauti, kwa taratibu zinazofanana na za kweli. Upande wetu uko chini ya VATSSA, yaani Afrika kusini mwa Sahara. Ukiwa na FSX, Prepar3D ama MSFS, unaingia na programu inaitwa vPilot. Ukiwa na X-Plane, unatumia xPilot. Kuna ya tatu inaitwa swift, yenye inabeba hata FlightGear. Lazima uwe umefika miaka 13, na kabla uruke kuna mafunzo mafupi na mtihani wa wageni. Usiogope, ni wa kuhakikisha unajua adabu za mtandao.

*IVAO.* Kaka mkubwa kwa umri, tangu 1998. Mambo yake yanafanana na VATSIM: waongoza ndege, mafunzo, vyeo. Programu yake ya marubani inaitwa Altitude, na inashika Flight Simulator za Microsoft pamoja na X-Plane. VATSIM na IVAO hazionani. Mmoja wenu akiingia huku na mwingine kule, mtakuwa juu ya Voi kila mtu akiuliza mwenzake yuko wapi. Chagueni moja.

*JoinFS.* Hii ndio ya mabeste peke yenu. Haina mnara, haina mtihani, haina mtu wa kukuuliza mpango wa safari. Inaunganisha FSX, Prepar3D, MSFS na X-Plane moja kwa moja kati ya kompyuta zenu. Mmoja anafungua chumba, wengine wanaingia. Kama mnataka kuruka bawa kwa bawa juu ya Fort Jesus na kucheka kwa WhatsApp kolu, hii ndio yenu.

*FlightGear.* Gemu ya bure kabisa, msimbo wake uko wazi, na toleo la kwanza lilitoka 1997. Inakubali Windows, Mac na Linux, na seva zake za kucheza pamoja ni za bure pia. Ukiwasha hiyo sehemu unaona wengine wa FlightGear, lakini hauoni wa FSX wala X-Plane. Ukitaka kuwafikia, unapitia swift mpaka VATSIM.

*Za simu, za brauza na Xbox.* Infinite Flight ni ya simu, na wa Android anakutana na wa iPhone bila shida, ila kuruka na wengine inataka ulipie usajili. GeoFS inafunguka ndani ya brauza, na wengine unawaona bila kulipa. MSFS ya Xbox inakutana na MSFS ya kompyuta kwa mtandao wa gemu yenyewe. Lakini kila moja ya hizi ni kisiwa chake. Xbox haikubali usakinishe vPilot, na simu haina mlango wa kuingiza mkalimani. Ukiwa na simu pekee, beste yako wa X-Plane hamtaonana angani, hata kama mnakaa ploti moja.

Chagua kulingana na chenye uko nacho

- Leptopu mzee na hauna doh: FlightGear. Pakua usiku kwa mtu ana Wi-Fi ama kwa saiba, kwa sababu ni faili kubwa.
- Tayari una FSX halali: baki nayo. vPilot inaitambua, JoinFS pia. Mlango wake wa zamani wa kucheza pamoja ulipitia GameSpy, na GameSpy ilifungwa 2014, kwa hivyo usipoteze masaa ukiutafuta kwa menyu.
- Una MSFS: uko poa, ila jua inaomba nafasi. Ile ya 2020 ilitaka GB 150 za diski, na inavuta picha za ardhi kutoka intaneti ukiruka. Hizo picha ndizo humaliza bando. Namba za ndege za wenzako ni mdomo mdogo sana ukilinganisha.
- Una X-Plane 11 ama 12: xPilot kwa VATSIM, Altitude kwa IVAO, plagini ya JoinFS kwa mabeste.
- Uko saiba, hauruhusiwi kusakinisha kitu: GeoFS.

Mahali mambo huchacha

Watu wengi huunganisha wakaona, wakashangilia, alafu dakika kumi baadaye wanaanza kugombana. "Mbona uko chini ya lami?" "Mbona umekuwa helikopta?" Hizi ndizo sababu, na dawa yake.

*Ndege isiyo yako.* Ukituma DH8D na mwenzako hana Dash 8 kwa diski, kompyuta yake inachukua chochote iko karibu. Anaweza kukuona umevaa rangi za shirika la Ulaya, ama ukiwa Cessna inaenda kasi ya ajabu. Hauna makosa, wala yeye. Dawa ni kuweka mfuko wa modeli za ndege za wengine. Kwa X-Plane watu hutumia Bluebell, kwa MSFS kuna FSLTL, zote za bure. Kwa FSX na JoinFS unaweza kuambia programu kwa mkono: ukiona hii, chora ile. Kama machaguo ni machache, nyote chukueni aina moja ya ndege yenye kila gemu inayo. Cessna 172 haijawahi kuaibisha mtu.

*Ardhi haikubaliani.* Uwanja wa Moi uko karibu futi 200 juu ya bahari, lakini kila gemu imechora lami yake kivyake. Tofauti ya futi chache inatosha mwenzako akuone ukielea juu ya lami ama umezama mpaka kwa magoti. Ukishapaa, inaisha. Usijaribu kurekebisha kwa kusogeza ndege, utaharibu zaidi.

Na ramani zina umri. FSX ilifungwa 2006. Haijui moto wa Agosti 2013 wenye uliteketeza jengo la abiria wa kimataifa pale JKIA. Haijui stesheni ya SGR Miritini, reli yenye ilianza kubeba abiria 2017. Haijui daraja la kuelea la Likoni. Kwa hivyo ukiambia beste wa Likoni "tukutane geti fulani", yeye anaweza kuwa haoni hilo jengo kabisa. Kubalianeni kwa njia ya kurukia na sehemu ya maegesho, sio kwa jengo.

*Upepo.* Hii ndio watu wa Pwani tunafaa kuielewa kuliko wote. Ndege hupaa na kutua ikiuelekea upepo. Njia kubwa ya Moi International ni 03/21, urefu wake mita 3,350, na inaelekea kaskazini-mashariki ama kusini-magharibi. Kwa hivyo Kaskazi ikivuma, ile ya Disemba mpaka Machi, 03 ndio inaingia akilini. Kusi ikishika, 21 inakuwa na maana. Wavuvi wa Likoni walijua hii hesabu kabla ndege iwepo.

Sasa mmoja ameweka hali ya hewa ya kweli kutoka intaneti, mwingine ameacha "anga safi, hakuna upepo". Wa kwanza atatumia 21, wa pili 03, na mtakutana uso kwa uso katikati ya lami. Kabla ya kuwasha injini, wote wekeni hali ya hewa ya kweli, ama nyote muandike upepo mmoja kwa mkono.

*Joto.* Hii inachanganya hata wazoefu. Kipima mwinuko cha ndege hakipimi futi, kinapima presha ya hewa na kuigeuza kuwa futi kwa hesabu ya siku ya kawaida yenye baridi ya vitabuni. Pwani yetu haina baridi ya vitabuni. Hewa ya moto hutanuka, kwa hivyo kipimo kikisoma futi 24,000, ndege inaweza kuwa juu zaidi ya hapo kwa futi elfu na zaidi. MSFS na X-Plane 12 zinahesabu hili joto, FSX haihesabu. Matokeo: nyote mnasoma futi 24,000, lakini wa Likoni anawaona mkiwa juu yake sana na anasema mnadanganya. Hamdanganyi. Kwa VATSIM mwongoza ndege anaona namba ya presha, kwa skrini yake mko sawa. Ni macho yenu ndio hayakubaliani. Mkitaka kuruka karibu karibu, shukeni chini, pale tofauti ni ndogo.

*Saa.* Hapa kuna saa tatu na zote ni za kweli. Wewe unasema saa mbili usiku. Simu yako inasema 20:00. Mtandao wa marubani unasema 1700Z, kwa sababu dunia nzima ya ndege hutumia saa ya Greenwich, na sisi tuko mbele yake masaa 3. Ukiona tukio limeandikwa 1800Z, kwako ni saa tatu usiku. Ukilisoma kama saa kumi na mbili jioni, utakaa peke yako getini masaa matatu ukisubiri watu.

*Intaneti na stima.* Nyaya za chini ya bahari kama SEACOM na TEAMS za 2009, na EASSy ya 2010, zinatua hapa hapa Mombasa. Kwa hivyo barabara kubwa ya kwenda duniani inaanza mlangoni kwetu, na kuchelewa kutoka hapa hadi seva za Ulaya ni sehemu ndogo ya sekunde. Shida mara nyingi ni ile njia fupi, kutoka kejani kwako mpaka kwa hiyo barabara.

Kwa JoinFS kuna kizingiti kimoja: kompyuta ya mwenye chumba inahitaji kufikika kutoka nje. Laini nyingi za simu hukuweka nyuma ya anwani moja na watu wengine wengi, na hapo wageni wanagonga mlango usiofunguka. Aliye na intaneti ya waya na anaweza kufungua mlango kwa rauta ndiye awe mwenyeji. Kama nyote mko kwa bando ya simu, ingieni kwa chumba cha umma ama mhamie VATSIM, pale seva iko katikati na kila mtu anaifikia yeye.

Na stima ikipotea mkiwa juu ya Mtito Andei, hakuna dawa. Wenzako wataona ndege yako ikiendelea kidogo kwa kukisia, alafu inapotea. Rudi ukiweza, anza tena kutoka maegesho.

Safari ya kwanza, hatua kwa hatua

Msianze na Nairobi. Anzeni na Malindi, kilomita 100 na kitu, pwani yote unaiona kwa dirisha la kulia na hakuna mtu atapotea. Mkishazoea, fanyeni Nairobi hivi:

1. Kila mtu asakinishe programu yake siku ya kabla. Siku ya kuruka sio siku ya kupakua.
2. Egesheni Moi International, namba yake HKMO. Msianzie kwa njia ya kurukia. Kwa VATSIM hilo ni kosa, na kwa mabeste ni kugongana.
3. Chagueni majina ya redioni tofauti. Unaweza kujipa usajili wa Kenya, unaanza na 5Y, kama 5Y na herufi tatu.
4. Hakikisheni upepo mmoja, presha moja, na ndege zenye kila mtu anaweza kuona.
5. Andikeni mpango wa safari: HKMO kwenda HKJK, takriban kilomita 420, mnaelekea kaskazini-magharibi. Kwa sheria ya kawaida ya anga, wanaoelekea upande wa magharibi hushika viwango shufwa, kwa hivyo Dash 8 inaweza kwenda kiwango cha 240. Mkirudi Mombasa mnashika witiri, tuseme 230.
6. Paeni mmoja mmoja, mkiachana angalau dakika mbili. Mwenye ndege ya kasi atangulie, la sivyo atawafikia wenzake juu ya Tsavo.
7. Kama hakuna mwongoza ndege, na kwa anga yetu usiku mwingi hakuna, kaeni kwa masafa ya 122.800 ya VATSIM na mseme mnachofanya: mnapaa, mnashuka, mnaingia kwa njia gani.
8. Kumbuka Nairobi iko juu. JKIA iko kama futi 5,330 kutoka usawa wa bahari. Ukiwa na mazoea ya Mombasa ukisubiri kipimo kisome futi 500 ndio uweke magurudumu, utakuwa umeshachimba Embakasi.
9. Njia ya JKIA ni 06/24, mita 4,117. Ni ndefu, usiogope. Ukishatua, toka haraka, kuna beste nyuma yako.

Adabu za angani

Mabeste mkiwa JoinFS mnaweza kufanya utoto wenu. Lakini kwa VATSIM na IVAO mko na watu wamefunga kazi, wamekaa mnarani bila malipo, na wanataka mambo yaende sawa. Mambo machache yatakutoa ushamba:

- Sikiliza kabla ya kuongea. Mkibonga wawili kwa pamoja, hakuna anayesikika.
- Ukiambiwa kitu, rudia. Usiseme tu "sawa".
- Hauna maiki ama mtoto amelala chumba hicho hicho? Andika. Maandishi yanakubaliwa VATSIM, unaeleza tu kwa mpango wako wa safari.
- Usiache ndege peke yake zaidi ya nusu saa kwa VATSIM. Ukienda kununua mahamri, rudi mbio.
- Usicheze na utekaji nyara. Namba ya transponda 7500 ni marufuku, hata kwa mzaha.
- Hujui? Sema hujui, na useme wewe ni mgeni. Mwongoza ndege hukasirika na mtu anayejifanya, sio na anayejifunza.

Maswali yenye huulizwa sana

*Haya masaa yataniingiza kwa leseni ya urubani?*
Hapana. Masaa ya leptopu kejani hayaandikwi kwa kitabu cha masaa ya leseni. Simuleta zenye huhesabiwa ni zile zimekaguliwa na kuidhinishwa na mamlaka ya anga, na unaziendesha ukiwa na mwalimu. Lakini kuna kitu inabaki kichwani: lugha ya redio, kusoma chati, kujua kwa nini upepo unachagua njia, kutulia mambo yakichacha. Mtu akifika darasani na hivyo vitu, hatakuwa anaanzia sufuri. Ambia mzae hivyo, na usimwambie zaidi ya hapo.

*Joystiki ni lazima?*
Sio lazima. Kibodi na mausi zinatosha kuanza, na padi ya gemu ni afadhali zaidi. Usikope doh ya joystiki kabla ujue kama hii kitu utaipenda mwezi wa pili.

*Naweza tumia gemu ya kudownload bure, ile ya kuvunjwa?*
Achana nayo. Mbali na sheria, hizo hukwama na programu za kuunganisha na hubeba virusi. FlightGear ni ya bure kihalali, na inaruka.

*Beste yangu yuko Dubai ama Muscat, ataingia?*
Bila shida. Kwa namba, yeye na jirani yako wa Kisauni ni sawa. Mkubaliane tu kwa saa ya Z, kwa sababu Ghuba wako mbele yetu kwa saa moja.

*Mmoja wetu ana mashine mbovu sana, atatuharibia?*
Hapana. Akishusha grafiki zake mpaka chini, wewe hauoni tofauti yoyote, kwa sababu grafiki zake hazikufikii. Chenye kinakufikia ni namba zake. Kitu ya kuchunga ni gemu yake isikwame. Ikiganda, namba zinaacha kutoka na ndege yake itaanza kurukaruka kwako. Mwambie azime vivuli, apunguze mawingu, afunge Chrome. Alafu mpeni nafasi ya mbele apae wa kwanza, ndio nyinyi wa mashine za nguvu mjipime kwa kasi yake.